Kamera Haisomi

Mwenye kituo cha mafuta kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Tinde anafunga kamera nne mwaka wa kwanza. Biashara ikichangamka anaongeza mbili, safari hii za chapa nyingine kwa sababu zile za mwanzo zimeisha dukani Kahama. Fundi anapanda ngazi, anavuta waya, anachomeka, kisha anashuka na jibu ambalo wateja wengi wamelisikia: kamera haisomi. Taa yake inawaka, waya ni mzima, umeme upo, lakini rekoda haioni kitu.

Didia ni mahali pazuri pa kulitazama tatizo hili. Kata hiyo ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga imekaa njiani, katikati ya uchumi wa madini ya thamani. Upande mmoja ni Shinyanga mjini na, mbele yake, Mwadui, ambako almasi zimechimbwa tangu John Williamson alipozigundua mwaka 1940. Upande wa pili ni Tinde, Isaka na Kahama, na kutoka huko njia za kwenda kwenye dhahabu ya Bulyanhulu na Geita. Fedha ya madini ikishuka kwenye mashine za kukoboa mpunga, kwa mawakala wa fedha, kwenye maghala, shule na mitambo ya kuchenjulia dhahabu, kamera nazo huifuata. Zinanunuliwa kidogo kidogo, kadiri mfuko unavyoruhusu, kutoka maduka tofauti na kwa mafundi tofauti. Ununuzi wa namna hiyo ndio unaohitaji viwango vya upatanifu kuliko ununuzi mwingine wowote.

Swali la kwanza dukani huwa ni kamera ngapi, na la pili ni megapikseli ngapi. Swali linaloamua kama mfumo utadumu miaka kumi au utatupwa baada ya mitatu ni jingine: kamera, rekoda na programu ya kutazamia zinafuata kiwango kimoja kinachojulikana, au zinasikilizana kwa sababu tu zimetoka kiwanda kimoja?

Zamani swali hilo halikuwa na maana. Kamera za analogi zilitoa picha kwa mfumo wa PAL, mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, ule ule uliotumika kwenye televisheni za nyumbani. Waya wa koaksia na kichwa cha BNC vilitosha. Kamera yoyote ilichomekwa kwenye rekoda yoyote na picha ikatokea. Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Sweden ilitoa kamera ya kwanza ya kutumia mtandao wa kompyuta, Neteye 200, na hapo mambo yakaanza kubadilika. Kamera ya mtandao ni kompyuta ndogo yenye lenzi. Ina anwani, ina nywila, inapokea amri. Kila mtengenezaji akaandika amri zake mwenyewe, na kwa miaka zaidi ya kumi mnunuzi wa kamera za chapa fulani alilazimika kununua na rekoda ya chapa hiyo hiyo, au kutafuta programu iliyoandikiwa kila kamera peke yake.

Upande wa koaksia ulipita katika vurugu kama hiyo, kisha ukajitengeneza. Kuanzia mwaka 2012 hivi zilikuja njia tatu za kupitisha picha kali kwenye waya ule ule wa zamani: HDCVI, HD-TVI na AHD. Hazikuelewana. Lakini baada ya muda viwanda vikatoa rekoda zinazotambua zote tatu pamoja na analogi ya zamani. Ndiyo maana mafundi wengi wa maduka madogo bado wanaipenda koaksia, na hawana kosa: inasoma. Udhaifu wake unaonekana pale eneo linapokuwa kubwa, kamera zinapofika makumi, au picha inapotakiwa kufika ofisi iliyo mji mwingine.

Kwa kamera za mtandao jibu lilikuja mwaka 2008. Axis, Bosch na Sony zilianzisha ONVIF, jukwaa la watengenezaji la kuandika lugha ya pamoja ya vifaa vya ulinzi. Mwaka huo huo liliundwa kundi jingine, PSIA, lenye lengo linalofanana. Soko likaamua, na leo ONVIF ndilo jina linaloonekana kwenye maboksi kuanzia Kariakoo hadi Geita. Kazi yake si ya ajabu ukiielewa. Rekoda inatuma wito kwenye mtandao wa ndani, kila kamera inayofuata kiwango inaitikia na anwani yake. Rekoda inauliza kamera ina uwezo gani, inathibitisha jina na nywila, kisha inaomba picha kwa njia ya RTSP, utaratibu ambao umekuwepo tangu mwaka 1998. Tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, iliichukua kazi hiyo na kuiingiza katika mfululizo wa viwango vyake vya kamera za ulinzi, IEC 62676. Kwa hiyo ofisi ya umma inayotaka kuandika kiwango kwenye zabuni yake haihitaji kutaja klabu ya viwanda. Namba ya kiwango cha kimataifa ipo.

Hata hivyo, boksi lililoandikwa “ONVIF” bado halijasema lolote la maana, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha. ONVIF imegawanywa katika profaili, kila moja na kazi zake. Profaili S, ya mwanzo kabisa, inashughulikia kutuma picha na kuzungusha kamera. Profaili G ni ya kurekodi na kurudisha kilichorekodiwa. Profaili T, iliyotoka mwaka 2018, inaleta kodeki (njia ya kukandamiza picha) ya H.265, njia ya siri ya kusafirisha picha, na namna moja ya kutoa taarifa za mwendo na za kamera kuchezewa. Profaili M ya mwaka 2021 inahusu taarifa zinazochambuliwa kutoka kwenye picha, kama namba za magari. Profaili A, C na D ni za milango na kadi za kuingilia.

Tofauti ya S na T si ya wasomi. Profaili S haikumlazimisha mtengenezaji kutoa taarifa ya mwendo kwa namna moja. Mwenye duka anaunganisha kamera ya chapa moja na rekoda ya chapa nyingine, anaona picha kwenye skrini, anamlipa fundi. Rekoda imepangwa irekodi pale tu kitu kinapotembea, ili kuokoa diski. Kamera inaona mwendo, lakini taarifa yake rekoda haiielewi. Wiki tatu baadaye mlango unavunjwa, watu wanakimbilia rekoda, na diski ni tupu. Picha ya moja kwa moja ilikuwa safi siku zote.

Lipo na tatizo la saa, ambalo limewasumbua mafundi kuliko jingine lolote na ambalo halimo kwenye vipeperushi vya wauzaji. ONVIF inapothibitisha mtumiaji kwa njia yake ya kawaida, haitumi nywila yenyewe. Rekoda inachanganya nywila, namba ya bahati nasibu na wakati wa sasa, inavikoroga kwa hesabu maalumu, kisha inatuma matokeo. Kamera inapokea na kulinganisha na saa yake. Ikiona wakati uliotumwa uko mbali mno na wakati wake, inakataa. Kwenye skrini yanatokea maneno yale yale ya nywila kukosewa.

“Bosi, nywila siyo hii.”

“Fundi, ndiyo hiyo hiyo niliyopewa, nimeiandika kwenye daftari.”

Hakuna anayemdanganya mwenzake. Umeme ulikatika usiku, kamera isiyo na betri ya saa ikaamka ikidhani ni tarehe 1 Januari 1970, na tangu hapo inamkataa kila anayekuja na tarehe ya leo. Fundi asiyelijua hilo ataifuta kamera yote na kuanza upya, au ataitangaza mbovu na kuuza nyingine. Dawa yake ni kuiweka rekoda, au kifaa kingine chenye saa ya kuaminika, iwe mtoa saa wa mtandao mzima kwa utaratibu wa NTP, na kuziamuru kamera zote ziulize saa kila zinapowaka. Ni kazi ya dakika chache kwa kila kamera. Na ikumbukwe kwamba vifaa vingi vinatoka kiwandani vikiwa na saa ya Beijing, saa tano mbele ya Afrika Mashariki. Wizi wa saa nane usiku unaandikwa kwamba ulitokea saa moja asubuhi, wakati watu wameshaamka na mlinzi ameshabadilishana zamu.

Mtego mwingine ni kwamba baadhi ya watengenezaji wakubwa huiuza kamera huku ONVIF yake ikiwa imezimwa, kwa sababu za usalama. Lazima fundi aingie kwenye mipangilio, aiwashe, na atengeneze mtumiaji wa ONVIF aliye tofauti na msimamizi mkuu. Kamera inafuata kiwango kweli, lakini haitaitikia mpaka iruhusiwe. Umeme wake nao una mtego: kiwango cha IEEE 802.3af cha mwaka 2003 kinapeleka umeme kwenye waya wa mtandao, hadi wati 15.4 kila tundu, na kifaa kinaulizwa kwanza kabla ya kupewa. Zipo swichi za bei ya chini zinazosukuma umeme bila kuuliza. Kuchanganya aina hizo mbili kumeunguza vifaa vingi.

Hata hivyo, sehemu inayogharimu zaidi ni diski. Kamera moja yenye picha ya 1080p kwa kodeki ya H.264 inaweza kutumia megabiti 4 kwa sekunde. Hiyo ni gigabaiti 43 kwa siku. Mtambo wa kuchenjulia wenye kamera 16 unameza karibu gigabaiti 690 kila siku, na mwezi mmoja unafika terabaiti 21. H.265, kodeki iliyokamilishwa mwaka 2013, ililenga kupunguza mzigo huo kwa nusu kwa ubora ule ule. Akiba hiyo ni kubwa, ndiyo maana kila muuzaji anaitaja. Lakini viwanda kadhaa vimeongeza mbinu zao juu ya H.264 na H.265, mara nyingi kwa alama ya kujumlisha mwishoni mwa jina, ambazo hupunguza ukubwa zaidi kwa kutuma picha kamili kwa nadra sana. Ndani ya chapa moja zinafanya kazi vizuri. Kwenye rekoda ya chapa nyingine, picha ya moja kwa moja inaweza kupita, kisha kurudisha nyuma kukakwama na kuruka, hasa pale polisi wanapotaka kutazama sekunde moja moja. Mwenye mfumo mchanganyiko ni bora azime mbinu hizo na akubali kununua diski kubwa zaidi.

Kwa nini haya yawe na uzito wa pekee katika ukanda wa dhahabu? Kwa sababu hapa mali ni ndogo kwa umbo, kubwa kwa bei, na inapita mikono mingi. Januari 2019 shehena ya dhahabu ya zaidi ya kilo 300 ilikamatwa Mwanza. Mwezi huo huo Rais John Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam, na tarehe 17 Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akazindua soko la dhahabu la Geita. Tangu hapo biashara ya mchimbaji mdogo imevutwa kutoka vichochoroni kwenda mahali penye mizani, kumbukumbu na ofisa wa serikali. Njia ya dhahabu kutoka duarani hadi sokoni ina vituo: mwalo, mtambo wa kuchenjulia, chumba cha kuyeyushia, gari, mizani. Kila kituo kina mmiliki wake na, kama kina kamera, kamera hiyo ina chapa yake. Tukio likitokea, mpelelezi anahitaji kuiona njia yote, na aione kwa saa moja inayolingana.

Hapo ndipo upatanifu unakuwa suala la ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inasema kumbukumbu ya kielektroniki isikataliwe mahakamani kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Ila inamtaka hakimu, anapopima uzito wake, aangalie jinsi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyosafirishwa, na kama uhalisi wake umelindwa. Sasa mchukue mmiliki anayeleta kituoni flashi yenye faili la .dav, ambalo kompyuta ya kawaida hailifungui bila programu ya mtengenezaji. Askari anamwomba alibadilishe liwe la kawaida. Katika kulibadilisha, alama za muda zilizokuwa ndani ya faili zinaweza kupotea, na picha inakandamizwa mara ya pili. Wakili wa utetezi mwenye akili hahitaji kusema picha ni ya uongo. Anauliza nani aliibadilisha, kwa programu gani, na saa iliyoandikwa pembeni ilitoka wapi.

Marekani ililiona tatizo hilo kwa ukubwa wake baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013, pale FBI ilipolazimika kuchambua picha kutoka vyanzo vingi vya mifumo isiyofanana. Taasisi ya viwango ya nchi hiyo, NIST, baadaye ilipendekeza muundo wa faili wa ONVIF wa kutolea video, ambao unabeba picha pamoja na taarifa za kamera na za muda na unaweza kutiwa saini ya kidijitali. Nchi yenye maabara zote zile ilikwama kwenye kufungua mafaili. Kituo cha polisi cha wilaya hakiwezi kutarajiwa kufanya vizuri zaidi bila msaada wa kiwango.

Serikali za Afrika Mashariki zimelikabili suala hili kwa njia nyingine: kununua kila kitu kwa mtu mmoja. Baada ya shambulio la kigaidi la mwaka 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Kenya ilitia saini na Safaricom mwaka 2014 mkataba wa shilingi bilioni 14.9 za Kenya, vifaa vikitoka Huawei, wa mawasiliano ya polisi na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Uganda mwaka 2019 ilitangaza mfumo wa Huawei wa dola milioni 126, kituo chake kikuu kikiwa Naguru, Kampala. Hapa Tanzania, huko Mererani, ukuta wa kilomita 24.5 uliozinduliwa Aprili 2018 kuzunguka machimbo ya tanzanaiti ulifuatiwa na mfumo wa kamera.

Kununua kwa mtu mmoja kuna faida ya kweli, na wanaoubeza utaratibu huo huwa hawajawahi kukesha wakitafuta kwa nini kamera tatu kati ya arobaini hazisomi. Mfumo unawaka siku ya kwanza, na kuna mmoja wa kulaumiwa. Hasara inakuja mwaka wa tano au wa saba. Leseni inaisha, modeli imeacha kutengenezwa, na bei ya kamera ya 1,801 inapangwa na yule yule. Siasa nazo huingia. Novemba 2022 serikali ya Uingereza iliziagiza wizara zake ziache kufunga kamera za makampuni yanayobanwa na sheria ya taifa ya ujasusi ya China kwenye majengo nyeti. Aliyekuwa na mfumo unaofuata kiwango wazi angeweza kubadilisha kamera moja moja. Aliyefungwa na chapa alianza upya. Hivyo hata anayeamua kununua kila kitu kwa muuzaji mmoja anapaswa kudai kiwango wazi kwenye mkataba, kwa ajili ya siku watakapoachana.

Lawama moja dhidi ya uwazi inastahili jibu. Kamera inayoitikia wito wa kila mtu ni rahisi kuvamiwa. Oktoba 2016 kirusi cha Mirai kiliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na rekoda zilizoachwa na nywila za kiwandani, na kwa jeshi hilo kikaiangusha huduma ya kampuni ya Dyn pamoja na tovuti kubwa za Marekani zilizoitegemea. Lakini mlango uliotumika ulikuwa nywila za kiwandani ambazo hazikubadilishwa, si kiwango cha upatanifu. Na Tanzania sasa kuna wajibu wa kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa anayekusanya picha za watu wanaotambulika, awe benki au shule. Hawezi kuzilinda picha hizo kama nywila ya msimamizi anayo fundi peke yake na yeye hajawahi kuiona.

Zabuni za umma sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST, na kanuni za ununuzi zinakataza kutaja chapa isipokuwa kwa kuongeza maneno “au kinacholingana nacho”. Kwa kamera, maneno hayo hayatoshi, kwa sababu muuzaji ndiye anayebaki kuamua kinacholingana. Halmashauri inayonunua kamera za hospitali, stendi au soko iandike IEC 62676, iandike Profaili T kwa kamera na Profaili G kwa rekoda, na imtake mzabuni ataje modeli na toleo la programu yake ya ndani kama vilivyo kwenye orodha ya bidhaa ya ONVIF. Orodha hiyo iko wazi mtandaoni, kutafuta ni bure, na modeli isiyokuwamo haina haki ya kubeba jina hilo hata boksi lake liandikwe nini. Shirika la Viwango Tanzania na mamlaka ya ununuzi wa umma wangeweka vifungu hivyo kwenye nyaraka za mfano, maofisa ununuzi wa wilaya wasingelazimika kuvibuni wenyewe.

Mnunuzi wa Didia, au wa Katoro kule Geita, hahitaji kusubiri hayo. Kabla hajamalizia malipo, amwambie fundi alete kamera moja ya chapa nyingine aiunganishe mbele yake, azime umeme na kuuwasha, apite mbele ya kamera hiyo, kisha atoe dakika mbili za alichorekodi na kuzifungua kwenye kompyuta isiyo na programu yoyote ya mtengenezaji, saa ikionekana sawasawa. Nywila zote ziandikwe na zikabidhiwe kwake. Fundi akikataa jaribio hilo, salio lisilipwe.